UZI: Kanisa na maisha ya mtaa. Tuanze kwa kualikwa kabla ya kualika

#1 mleta_uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie mpaka chini.

Nimekaa kwenye kamati ya kanisa kwa miaka kadhaa. Kila mwaka ukianza, swali lilikuwa lile lile: "Mwaka huu tuufanyie nini mtaa?" Ukishauliza hivyo, majibu yanajileta yenyewe: mkutano wa injili, siku ya matendo ya huruma, kuwatembelea wagonjwa. Tunapanga bajeti, tunachapisha fulana, tunaenda, tunarudi. Siku nyingine zote za mwaka mtaa hautuoni.

Kilichonigeuza ni jambo dogo. Tulikuwa tunagawa mifuko ya vyakula na nguo nyumba kwa nyumba, na mwenzetu mmoja alipewa kazi ya kupiga picha za ripoti. Tukafika kwa mama mmoja mjane. Alipokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima zote, halafu kamera ilipoinuliwa akavuta mtandio ukamfunika uso mpaka chini ya macho. Mpiga picha akamwambia, "Mama, tunaomba utazame huku." Akatazama. Picha ile ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila Jumapili nikipita pale nilikuwa nakutana na yale macho.

Baadaye nikaanza kwenda kumsalimia mikono mitupu. Ndipo nikajua kumbe huyu ndiye anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa. Ndiye anayeshika daftari la michango jirani akilazwa hospitali. Wagomvi wa ukuta na mpaka hupelekwa kwake kabla hawajafika kokote. Mtaa unamwegemea, na sisi tulimwingiza kwenye orodha ya "wahitaji" bila hata kumuuliza yeye ni nani.

Hoja yangu ni hii. Kanisa linalotaka kushiriki maisha ya mtaa liingie kwanza katika yale ambayo mtaa tayari unayafanya. Liende kama jirani, likae kiti cha kawaida, lisikilize. Miradi yetu wenyewe ije baadaye, tena kama itahitajika.

Sisi tulifanya hivi: kwa miezi mitatu hatukupanga shughuli yoyote. Wawili wawili tulizunguka na daftari tukiuliza maswali mawili tu: nini kinakwenda vizuri hapa, na nani anakifanya? Wasomi wa maendeleo wana maelezo yao juu ya njia hii. Mwaka 1993 John Kretzmann na John McKnight wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliiandikia kwa kirefu: anza kwa kuhesabu mtaa una nini kabla ya kuhesabu unakosa nini. Lakini hata bila wao, mtu yeyote aliyehamia mahali pageni anajua kwamba kwanza unasalimia.

Daftari letu lilijaa haraka kuliko tulivyotegemea. Kulikuwa na kikundi kinachozibua mfereji kabla ya mvua, mzee anayewavusha watoto barabara asubuhi, na kijana mmoja anayefundisha hesabu watoto kumi na wawili nje ya nyumba yao, ubao wake ukiwa ni mlango wa kabati kuukuu. Hatua mia mbili kutoka kwake ulisimama ukumbi wetu, una mabenchi, una taa, na umefungwa siku sita kwa wiki.

Kumpa kijana yule ufunguo kulitugharimu kikao cha saa mbili. Nani atalipa umeme? Wakivunja je? Yeye si muumini wetu, sisi tutamdhibiti vipi? Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Sisi wenyewe tulipopewa kiwanja hiki, tulipewa tukifunge?" Ufunguo ukatoka. Wiki ya kwanza niliogopa, nikapita jioni kuchungulia. Watoto walikuwa wameshaondoka na kijana alikuwa anapanga mabenchi kwa ajili ya Jumapili, akipima nafasi kwa hatua za miguu ili yafuate mstari ule ule alioukuta.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kusikia mlikokwama.

#2 mlinzi_wa_zamu

Mleta uzi, nakuheshimu, ila naomba nipinge. Kanisa si shirika la misaada. Lina kazi moja, kuhubiri injili. Nimeona makanisa yakianza na mifereji na hesabu, mwisho wa siku mimbari inakauka. Mtaa una serikali yake, una mashirika yake. Sisi tukiacha ujumbe wetu, nani atausema?

#3 mleta_uzi

Mkuu, hofu yako naielewa, na si hofu ya kupuuza. Nami nimewahi kuona kanisa ambalo lilibaki na ofisi ya miradi na ibada ya watu tisa.

Lakini tazama Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema hilo si letu. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wao wakaendelea na sala na neno. Sasa soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Kwa jinsi ninavyosoma mimi, kazi ilikabidhiwa watu wa upande ule ule uliokuwa unalalamika, na mahubiri hayakukauka. Sura inayofuata karibu yote ni Stefano anahubiri, na katika ya 8 Filipo yuko Samaria na baadaye njiani na towashi wa Ethiopia.

Kwa hiyo siombi mchungaji ashike koleo badala ya Biblia. Naomba waumini ambao wameshaketi kwenye mabenchi, walimu, wauguzi, mafundi, wahasibu, wajue kwamba kazi yao ya siku sita nayo ni ya kanisa.

#4 jirani_wa_ukutani

Mimi si muumini wa kanisa lolote, naingia tu kwa sababu naishi ukuta kwa ukuta na kanisa. Naomba niseme kwa moyo mweupe.

Kabla hamjafikiria kutusaidia, punguzeni sauti. Mkesha wenu una spika nne, mbili zimeelekezwa kwenye dirisha la chumba anacholala mama yangu. Ana miaka themanini na moyo wake una shida. Nilikwenda kuongea, nikaambiwa nisubiri kiongozi. Kiongozi akaniambia kazi ya Mungu haizuiliki. Jumapili magari yanaziba geti langu. Siku moja tulichelewa kumtoa mama kwenda hospitali tukimtafuta mwenye gari katikati ya ibada.

Halafu wiki iliyofuata wakaja vijana wenu wenye fulana wakaniuliza wanisaidie nini.

#5 mleta_uzi

Jirani, pole sana, na pole kwa mama. Ulipaswa kusikilizwa siku ile ile ya kwanza.

Wana kanisa wenzangu, someni post #4 mara mbili. Kushiriki maisha ya mtaa kunaanzia hapa, kwenye spika na geti. Kuzigeuza spika ziwatazame waumini ni kazi ya dakika kumi. Mtu mmoja mwenye kizibao kusimamia magari Jumapili hahitaji bajeti. Na namba ya simu iandikwe getini, namba ya mtu mwenye mamlaka ya kupunguza sauti usiku ule ule, asiyelazimika kwanza kuitisha kikao. Kanisa lisiloweza kuwa jirani mwema kwa nyumba ya pili litaufanyia nini mtaa mzima?

#6 mshika_daftari

Mimi ni mtunza hazina. Nitaongelea pesa kwa sababu nyuzi kama hizi huwa zinaikimbia.

Mambo ya mtaa yawe na daftari lake na akaunti yake, mbali na sadaka. Mnaweza kuwa waaminifu kama malaika, ila pesa ya mfereji ikipita kwenye akaunti ya ujenzi wa madhabahu, hata kwa wiki moja, siku mtu akiuliza hamtakuwa na jibu fupi. Na hesabu zisomwe mbele ya mtaa, si mbele ya waumini peke yao. Waliochanga ni wao pia.

La pili: msikimbilie kuwa wafadhili wakuu. Tuliwahi kuingia kwenye kikundi cha usafi tukatoa karibu gharama zote za vifaa. Ndani ya mwaka watu wakaacha kuchanga, wakaanza kusema "ule mradi wa kanisa." Tulipoishiwa, ukafa. Ulikuwa hai kabla yetu! Sikuwahi kusema hili hadharani, ila linaniuma mpaka leo. Toeni sehemu yenu kama wengine wanavyotoa, basi.

#7 mwanafunzi_wa_historia

Uzi mzuri. Naongeza mifano inayokazia hoja ya mleta uzi kwamba mambo mengi yaliyodumu hayakuanzia kwenye mpango mkubwa wa viongozi wa dini.

London, mwaka 1953. Padri wa Kianglikana Chad Varah wa kanisa la St Stephen Walbrook alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa ya kuishi. Watu wakamiminika, wengine kwa simu, wengine kwa miguu. Wasaidizi wa kujitolea walikuwa wanawapokea na kuwapa chai wakati wakisubiri zamu ya kumwona padri. Varah akaona jambo: wengi wakishaongea na yule anayewapa chai, hawahitaji tena kumwona yeye. Februari 1954 akaikabidhi kazi ya kusikiliza kwa wale wasaidizi. Ndiyo Samaritans ya leo, na si shirika la kidini. Kanisa lililea, kisha likaachilia. Kwangu huo ndio ukomavu, kuwa na moyo wa kukubali kwamba mtu wa chai anafanya kazi vizuri kuliko wewe.

Mwingine ni padri José María Arizmendiarrieta. Alifika Mondragón, kaskazini mwa Hispania, mwaka 1941, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeisha miaka miwili tu nyuma. Hakuanza na kiwanda. Mwaka 1943 alianzisha shule ya ufundi, akafundisha, akasubiri. Mwaka 1956 wanafunzi wake watano wakaanzisha kiwanda cha ushirika, na 1959 ikaja benki ya ushirika. Hesabu wenyewe: kutoka shule mpaka kiwanda ni miaka 13. Kamati zetu za kanisa zinataka matokeo kabla ya mkutano mkuu wa mwaka.

Na kama kuna anayedhani majirani hawaoni, Kaizari Juliani, aliyetawala Roma mwaka 361 hadi 363 na ambaye hakuupenda Ukristo hata kidogo, alimwandikia kuhani wake mmoja akilalamika kwamba Wakristo wanawatunza maskini wao wenyewe na hata maskini wasio wao. Ushahidi wa mpinzani una uzito wa pekee.

#8 mwalimu_wa_watoto

Habari ya ufunguo imenigusa. Lakini mleta uzi, kuna jambo umelipita haraka: watoto.

Ukifungua ukumbi kwa watoto wa mtaa, unabeba dhamana. Kwetu hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani, awe mchungaji, awe mwanakwaya, awe mtu tunayemjua tangu utoto. Kila mara wawepo watu wazima wawili, mlango uwe wazi, na anayetaka kujitolea aulizwe alikotoka, na watu wa huko waulizwe pia. Watoto waambiwe kwa maneno yao ni nani wa kumwendea wakiguswa vibaya, na awepo mmoja asiye wa kanisa, maana mtoto anaweza kuogopa kumsema mtu anayemwona madhabahuni. Malalamiko yakija, yaende kwa vyombo vya sheria. Kikao cha wazee hakina kazi ya kuchunguza kosa la jinai wala ya "kuyamaliza kifamilia."

Najua kuna wanaosema tunaleta mashaka kati ya ndugu. Nimekaa na msichana aliyenyamaza miaka sita kwa sababu ya neno hilo hilo "ndugu." Sitarudi nyuma kwenye hili.

#9 mleta_uzi

Mwalimu, asante. Nilipaswa kuanza nalo. Kwa kijana wetu wa hesabu sasa yupo dada mmoja muuguzi anayekaa naye kila kipindi, lakini nakiri utaratibu huo ulikuja baada ya ufunguo, na ulipaswa kutangulia.

#10 mpita_njia_22

Swali: na siasa je? Maisha ya mtaa ni pamoja na maji, barabara, ardhi, askari. Kanisa likiingia huko litaambiwa limechukua upande.

#11 mwanafunzi_wa_historia

Mkuu, kuchukua upande wa mgombea na kusimama na jirani aliyeonewa ni mambo mawili. Tazama Montgomery, Alabama. Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955. Usiku ule ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la wanawake la siasa, alichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwaomba watu wasusie mabasi. Wazo halikutoka mimbarini. Wachungaji walikuta moto umeshawashwa, wakaleta walichokuwa nacho. Tarehe 5 Desemba watu wakajaa kanisa la Holt Street Baptist, na huko akazungumza mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King. Makanisa yakatoa kumbi, yakachangisha, yakasajili magari kwa majina yao ili watu wafike kazini. Mgomo ukadumu siku 381.

Leipzig nayo, Ujerumani Mashariki, kanisa la Nikolai lilikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu kuanzia 1982. Nje waliweka kibao: wazi kwa wote. Wakaja hata wasioamini, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusemea. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini dhidi ya serikali ya kikomunisti na risasi haikupigwa. Miaka saba ya kufungua mlango Jumatatu baada ya Jumatatu, mara nyingine kwa watu wachache sana.

#12 mwenye_imani_nyingine

Mimi dini yangu ni nyingine, ila mtaa wetu ni mmoja, na naunga mkono mengi hapa. Ombi langu ni moja: msaada usiwe na ndoano. Shangazi yangu aliwahi kupewa dawa pamoja na kadi ya kujaza, na siku ya pili akafuatwa nyumbani aulizwe ataanza lini kusali nao. Alirudisha dawa iliyobaki.

Mashirika ya misaada yalikubaliana juu ya hili mwaka 1994, katika kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali, kwamba msaada hautatumika kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni na Caritas walikuwa miongoni mwa walioziasisi. Kwa hiyo si jambo la kulazimishwa na watu wa nje. Ni ahadi mliyoitoa wenyewe.

Mkinieleza imani yenu, nikiwa nimetaka kujua, nitawasikiliza kwa furaha. Nami mniulize yangu.

#13 mlinzi_wa_zamu

Nimesoma yote. Bado nasema injili isiachwe. Ila #4 na #12 zimenikalisha chini. Mtu aliyerudisha dawa hakuisikia injili, alisikia bei yake. Nitaliongea hili kwetu.

#14 mchungaji_wa_watu_thelathini

Wapendwa, mnazungumza ukumbi, akaunti, kamati. Mimi nina waumini thelathini, wengi akina mama na wazee. Tunafanyia ibada kwenye chumba cha kupanga. Sina ufunguo wa kumpa mtu. Siku za kazi natafuta riziki kama kila mtu. Nikisoma nyuzi kama hizi najisikia nimeshindwa kabla sijaanza. Nianzie wapi?

#15 mleta_uzi

Mchungaji, shikamoo, na asante kwa kusema wazi. Naamini wewe uko karibu na mtaa kuliko sisi wenye kumbi. Akina mama wa kanisa lako wanajua nani hajaonekana bombani siku mbili, nani anasikika akilia usiku. Habari kama hizo kamati yetu ilizitafuta miezi mitatu kwa daftari.

Usianzishe kitu. Ulizia kikao cha karibu kinachowahusu wakazi wote, kiwe cha maji, cha ulinzi, cha shule. Nenda bila joho, bila msaidizi wa kubeba begi. Ukiombwa kufungua kwa sala, sali; usipoombwa, kaa. Wala usitoe ahadi. Sikiliza ni kazi gani inatajwa kila mara na hakuna anayeichukua.

#16 mchungaji_wa_watu_thelathini

Nimerudi, wiki mbili sasa. Jumamosi kulikuwa na kikao cha bomba la mtaa. Nilikaa benchi la nyuma pamoja na mama mmoja wa kanisani kwetu. Walionijua walishangaa, mwenyekiti akataka nihamie meza ya mbele, nikamwambia hapa pananitosha.

Wamebishana sana kuhusu zamu na nani amelipa na nani hajalipa. Kila ugomvi ulirudi pale pale: aliyekuwa anaandika alihama, daftari limekaa miezi minne bila kuandikwa, hakuna anayekumbuka. Mwenyekiti akauliza nani atalichukua. Kimya. Mama yule akanigusa na kiwiko.

Ninalo hapa nyumbani. Jalada limelowa upande mmoja na kurasa tatu zimeshikana. Kesho jioni mimi na yeye tunaanza kupita nyumba kwa nyumba kuandika upya majina, nyumba hamsini na mbili.

#17 jirani_wa_ukutani

Mchungaji, kurasa zilizoshikana usizivute. Weka karatasi kavu katikati, acha usiku mzima chini ya kitu kizito. Nami nina taarifa: juzi walikuja watu wawili wa kanisa la hapa kwangu, mmoja ni fundi wa spika. Waliniomba nikae chumbani kwa mama wakati yeye anajaribu sauti, nimwambie kwa simu inasikika kiasi gani. Tulijaribu mara tano. Ya tano, mama alikuwa amelala.